Rivyu ya kidonge cha maji chenye amiloraidi: kwa mama kimefanya kazi, ila usikinunue bila kupima potasiamu

Naandika kwa ajili ya wale wanaouguza wazee wenye presha, hasa sisi wa Mwanza na huku kandokando ya ziwa, maana nyumba nyingi kuna mtu anakunywa "dawa ya maji", yaani ya kukojosha, kila asubuhi na hakuna aliyewahi kumweleza inafanya nini huko ndani. Kidonge ninachokiongelea ni ule mchanganyiko wa amiloraidi miligramu 5 na haidroklorothiazaidi miligramu 50, wengi wanakijua kwa jina la Moduretic ila kuna cha makampuni mengine na dawa ndani ni ileile. Mimi ni mtu wa maabara, sodiamu na potasiamu za watu ndio kazi yangu, na anayekitumia ni mama yangu mzazi, kwahiyo nimekiona nyumbani na nimekiona kwenye mashine.

Nianze na matokeo maana najua wengi ndio mnachotaka. Presha ya mama imetulia, miguu haimkazi tena usiku, na potasiamu yake ambayo zamani ilikua inashuka chini ya 3.5 (milimoli kwa lita) kila tukipima sasa hivi inakaa katikati ya 4 na 5 bila kumeza vile vidonge vikubwa vya potasiamu ambavyo alikua anavichukia kweli kweli. Hiyo kwangu ni kazi kubwa kwa kidonge kidogo hivi. Nakipa nne na nusu kati ya tano, na hiyo nusu niliyokata ntaieleza vizuri maana ndio sehemu inayoweza kuua mtu.

Mama ni mtu wa samaki, ameuza kayabo pale Mwaloni Kirumba miaka mingi sana, na ulimi wake umezoea chumvi, ukimpikia sato chukuchuku bila chumvi anakuangalia tu. Zamani alikua anatumia bendro (bendroflumethiazaidi), ile dawa ya maji ya kawaida kabisa, presha ikawa inashuka kidogo ila yeye mwenyewe akawa hana nguvu, mapaja yanakaza, moyo unamdunda bila mpangilio akipanda kile kimlima cha nyumbani. Kupima, potasiamu iko chini. Dokta akambadilishia, akamwanzishia nusu kidonge, akasema turudi kupima damu baada ya wiki moja hivi na tuendelee kupima. Hapo ndio mabadiliko yalipoanza.

Sasa kwanini bendro ilimnyima nguvu na hiki hakimnyimi? Hapa naomba mnivumilie maana ndio utamu wenyewe, na mtu akielewa hapa hatokunywa dawa kiholela tena.

Figo zako mbili zinachuja kama lita 180 za maji ya damu kwa siku. Ndani ya hayo maji kuna sodiamu ambayo ukiihesabu kama chumvi ya mezani inafika karibu kilo moja na nusu, kila siku iendayo kwa Mungu. Lakini mkojo unaotoka ni lita moja au moja na nusu, na chumvi inayotoka nao ni gramu chache tu, zaidi ya asilimia 99 inarudishwa kwenye damu na seli zilizopanga kuta za vile vijirija vya figo. Karibu theluthi mbili inarudi mwanzoni kabisa mwa mrija, kama robo inarudi kwenye ule mkunjo unaoshuka na kupanda (hapo ndipo Lasix, ile dawa ya maji yenye nguvu, inafanya kazi), sehemu ndogo inarudi mbele kidogo ambapo bendro na haidroklorothiazaidi zinazuia, na mwisho kabisa kwenye mrija wa kukusanyia mkojo inabaki asilimia chache tu. Hizo chache za mwisho ndio mwili unazitumia kurekebisha hesabu, na presha ya mtu inategemea sana hapo.

Kwenye hiyo sehemu ya mwisho, seli zina matundu ya protini upande unaogusana na mkojo, sodiamu inapita humo kuingia ndani ya seli, halafu upande wa damu kuna pampu inaisukuma itoke kwenda kwenye damu. Tundu hilo kwa kifupi linaitwa ENaC. Vipande vyake vitatu, alfa, beta na gama, vilitambuliwa mwaka 1993 na 1994 na timu ya Cecilia Canessa na Bernard Rossier kule Lausanne, Uswisi. Jirani yake ukutani kuna tundu lingine, ROMK, hilo ni la potasiamu kutoka kwenda kwenye mkojo. Na haya mawili yanakwenda pamoja: sodiamu yenye chaji chanya ikiingia kwa wingi, upande wa mkojo unabaki na chaji hasi, na hiyo chaji hasi inaivuta potasiamu itoke kupitia ROMK. Ndio maana bendro ikizuia sodiamu kule juu, sodiamu nyingi inafika huku chini, ENaC inaikamata kwa pupa, na bei inalipwa kwa potasiamu. Juu ya hapo mkojo ukipita kwa kasi kuna chaneli nyingine kubwa za potasiamu zinafunguka kwa sababu ya ule mkondo, nayo inazidi kumwagika. Misuli ya mama ilikua inalipia hiyo.

Amiloraidi inafanya nini? Inaingia kwenye mkojo wenyewe, inafika kwenye mdomo wa ENaC na kuuziba kutokea nje. Basi. Sodiamu haiingii, chaji hasi haijengeki, potasiamu inabaki mwilini. Kwa hiyo kidonge kimoja kina dawa mbili, moja inazuia sodiamu juu na nyingine inaziba upotevu chini. Peke yake amiloraidi haina nguvu sana ya kutoa maji kwa sababu sodiamu iliyobaki kule mwisho ni kidogo, ila ikipewa mwenzake zinasaidiana vizuri mno.

Kitu kilichonifanya niiheshimu zaidi ni kuelewa jinsi seli yenyewe inavyoamua iweke matundu mangapi. Maana hayakai pale muda wote. Maji mwilini yakipungua, au potasiamu kwenye damu ikipanda, tezi iliyokaa juu ya figo inatoa homoni ya aldosteroni. Aldosteroni inaingia ndani ya seli, inashika kipokezi chake, wanakwenda mpaka kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni kadhaa, mojawapo ni ya protini inayoitwa SGK1. Upande wa pili kuna protini nyingine, Nedd4-2, kazi yake ni kutembea kuondoa ENaC ukutani, inaibandika alama halafu tundu linavutwa ndani na kuvunjwavunjwa, ni kama mgambo wa jiji anavyopita kuondoa wamachinga barabarani. SGK1 ikija inamgandisha huyo Nedd4-2 kwa kumbandika fosfeti, anashindwa kushika chochote, matundu yanabaki ukutani na kuongezeka, chumvi inarudi mwilini. Halafu kuna vimeng'enya kama furini vinakata vipande vya ENaC ili ifunguke zaidi, na sodiamu ikijaa sana ndani ya seli tundu linapunguza lenyewe. Yaani pale pana breki na mafuta kwa wakati mmoja, na vyote vinafanya kazi wakati wewe umelala.

Kuna familia iliyoelezwa na dokta Grant Liddle wa Marekani mwaka 1963, ndugu wana presha kali wakiwa bado wadogo, potasiamu iko chini, kila kitu kinaonyesha aldosteroni imezidi, ukipima aldosteroni iko chini kabisa. Mwaka 1994 ikaja kujulikana kwamba mkia wa kipande cha beta cha ENaC kwa watu hao umekatika, na pale kwenye mkia ndipo Nedd4-2 anaposhikia. Hana pa kushika, tundu haliondoki. Kwa watu hao spironolaktoni, dawa nyingine ya maji inayomzuia aldosteroni, haisaidii maana tatizo haliko kwenye homoni, ila amiloraidi inasaidia kwa kuwa inaziba tundu lenyewe bila kujali nani kaliweka. Na yule mgonjwa wa kwanza alipokuja kupandikizwa figo ya mtu mwingine presha ile ikaondoka. Mimi hii stori kila nikiisoma nasisimka, maana inathibitisha kwamba shida yote ilikua ndani ya figo, na kwa hesabu ya chembe chache za protini.

Hapo ndio tofauti na spironolaktoni inapoonekana. Spironolaktoni inamzuia aldosteroni asishike kipokezi, kwahiyo inachukua siku kadhaa mpaka matundu yaliyopo yapungue, amiloraidi inaanza ndani ya saa chache. Spironolaktoni kwa wanaume wengine inavimbisha matiti na yanauma, mjomba wangu aliacha dawa kwa sababu hiyo na hakumwambia mtu, na amiloraidi haina hiyo shida. Lakini kwa moyo uliochoka spironolaktoni ina ushahidi wake mzuri, msije mkabadilisha wenyewe kwa sababu ya rivyu yangu. Na Lasix ni ya kutoa maji mengi kwa haraka, miguu imevimba, kifua kimejaa maji, kwa presha ya kawaida tu haikai muda mrefu mwilini.

Kwenye ushahidi hiki kidonge hakiko nyuma. Uingereza walifanya utafiti mkubwa kwa wazee uliotoka 1992, kundi la dawa za maji lilitumia mchanganyiko huuhuu, likafanya vizuri kuliko kundi la atenololi, dawa nyingine ya presha, katika kuzuia kiharusi na shida za moyo. Mwaka 2015 Waingereza haohao wakaonyesha kwamba ukichanganya amiloraidi na haidroklorothiazaidi kwa dozi nusunusu presha inashuka zaidi kuliko kutumia moja kwa dozi kamili, na sukari haipandi kama inavyopanda kwa haidroklorothiazaidi peke yake. Na huku kwetu Afrika, 2017 ulitoka utafiti wa Nigeria, Kenya na Afrika Kusini kwa watu ambao presha imegoma kushuka, waliopimwa renini (kemikali ya figo inayoamsha aldosteroni) na aldosteroni halafu wakapewa dawa kulingana na majibu walidhibitiwa vizuri zaidi, na amiloraidi ilitumika zaidi kwenye kundi hilo. Natamani hivyo vipimo viwili vipatikane kirahisi kwenye hospitali zetu, kwa mtu wa maabara hiyo ni ndoto kabisa.

Sasa ile nusu niliyokata.

Tundu ukiliziba, njia ya potasiamu kutoka umeibana pia. Kwa mtu mwenye figo nzima mara nyingi hamna shida, ila kwa mzee ambaye figo zimechoka, au mwenye kisukari cha muda mrefu, potasiamu inapanda kimyakimya, haiumi, haiwashi, siku ukigundua moyo umeshaanza kwenda ovyo. Potasiamu ikifika 6 hiyo ni dharura. Na amiloraidi haivunjwi na ini, inatoka kwa figo, kwahiyo figo zikilegea dawa yenyewe nayo inarundikana. Kreatinini, kile kipimo cha kazi ya figo, lazima ijulikane kabla ya kidonge cha kwanza, sio baada ya mwaka.

Halafu Septrin. Hili naomba mlishike maana watu hawalijui hata kidogo. Ndani ya Septrin kuna trimethoprimu, na trimethoprimu inaziba ENaC kwa namna ileile ya amiloraidi. Mzee yuko kwenye kidonge hiki, anapata maambukizi ya njia ya mkojo, anakwenda duka la dawa anapewa Septrin, hapo umeziba tundu mara mbili. Na kuna watu wengi wanakunywa Septrin kila siku kwa ushauri wa kliniki, hao ukiwaongezea amiloraidi bila kupima ni hatari. Mama aliwahi kuandaliwa Septrin kwenye duka moja bila hata kuulizwa anatumia dawa gani nyingine, kijana anahesabu vidonge anafunga, nikaingilia nikaomba abadilishe. Sikupenda kabisa ile huduma na siwezi kuisifia, ukimuuzia dawa mtu mzima mwenye umri wa bibi yako muulize kwanza anatumia nini.

Kaptopri, losatani na ndugu zao, ambazo nazo ni dawa za presha, zinapunguza aldosteroni, kwahiyo zikikutana na amiloraidi potasiamu inapanda. Dokta anaweza kuzichanganya kwa makusudi ila anajua anachofanya na anapima. Na ile chumvi mbadala ya "sodiamu kidogo" inayouzwa kwenye supamaketi, soma pembeni, nyingi ni kloraidi ya potasiamu, usimpe mtu anayetumia kidonge hiki. Chakula chetu nacho kina potasiamu ya kutosha, viazi vitamu vina nyingi, na ukishavikausha ukapata michembe au matobolwa imekusanyika zaidi. Mama hajakatazwa michembe, figo zake ni nzima, ila hali sufuria zima kama zamani na vidonge vya potasiamu tulivisimamisha siku ileile dokta alipombadilishia dawa.

Upande wa haidroklorothiazaidi, miligramu 50 kwa mzee ni nyingi, ndio maana nusu kidonge kwa wengi inatosha. Inaweza kupandisha asidi ya yuriki, na kama mtu ana gauti na bado anakula dagaa kila siku atalia na kidole gumba cha mguu. Pia inaweza kushusha sodiamu kwa wazee, hasa wanawake, mtu anakuwa mzito wa kuelewa, anayumba, ndugu wanadhani ni uzee. Sodiamu ikiwa chini ya 130 usisubiri.

Nisemee na upande wangu wa maabara kidogo. Potasiamu ndio kipimo kinachodanganya kirahisi kuliko vyote. Seli nyekundu za damu zimejaa potasiamu, damu ikitolewa kwa sindano nyembamba kwa nguvu, au ikitikiswa, au ikikaa masaa mengi juani kwenye boti kutoka visiwani bila kutenganishwa, seli zinapasuka na potasiamu inamwagikia kwenye seramu, yaani yale maji ya damu tunayopima, jibu linasoma 6.5 na mtu mwenyewe ni mzima. Ukiona jibu limepanda ghafla uliza kama seramu ilikua nyekundu, omba warudie, ila usiende nyumbani kulala kabla halijarudiwa. Na kama potasiamu iko chini na haipandi hata ukiijaza, omba magnesiamu ipimwe. Magnesiamu ndani ya seli ndio inayoibana ROMK, ikipungua lile tundu linaachia na potasiamu unayomeza asubuhi inatoka na mkojo jioni. Nimeona wagonjwa wamepewa potasiamu kwa muda mrefu bila mafanikio, ikarekebishwa magnesiamu mambo yakanyooka.

Kingine ambacho ndugu wengi hawajui, potasiamu ikishuka figo zenyewe zinazidi kushikilia chumvi. Seli za kule juu kidogo zina chaneli upande wa damu inayohisi potasiamu, ikipungua ujumbe unapita kwa kimeng'enya kiitwacho WNK na ule mlango wa chumvi unaozuiwa na bendro unafunguliwa zaidi. Kwahiyo mtu anayekula chumvi nyingi na mboga na matunda kidogo anajipandishia presha kwa njia mbili. Hii ndio sababu nyingine napenda kidonge kinacholinda potasiamu kuliko kile kinachoimwaga halafu unaanza kuihangaikia.

Upatikanaji hapa mjini sio mzuri sana, bendro na Lasix utakuta karibu kila duka ila hiki inabidi uzunguke, famasi kubwa za katikati ya mji na zile za kuelekea Bugando ndio bahati yako, na mara nyingine unakuta kimeisha. Bei haiumizi, ni ya kawaida kwa dawa ya maji. Unakunywa asubuhi, sio usiku, la sivyo mzee ataamka kila saa kwenda chooni na gizani ndipo wanapoanguka. Kama anakaa Ukerewe au Kome nunua ya kumtosha kabla hajavuka, mwambie asiache ghafla na asimpe jirani hata kama dalili zinafanana, na kwenye boksi mwandikie kwa kalamu ya wino: HAKUNA SEPTRIN BILA KUULIZA.